Seti ya kupimia fenoli kwenye mimea: kwa majani safi kabisa, kwa matunda kuwa makini

Nina miezi mitatu na hii seti sasa, nadhani naweza kuisemea. Ni ile ya kupima jumla ya fenoli, yaani kemikali ambazo mmea unajikinga nazo, kwa njia ya Folin-Ciocalteu: kimiminika cha njano kinachogeuka bluu kikikutana na fenoli, zikiwa nyingi bluu inazidi. Ndani unakuta kitendanishi chenyewe, sodiamu kaboneti, asidi ya galiki (fenoli ya kulinganishia) ya kuchorea mstari wa viwango na sahani ya visima 96. Methanoli ya kukamulia majani unajitafutia mwenyewe.

Mi niliitaka kwa sababu moja, nilichoka kusoma tu kwamba mmea unajikinga kwa fenoli nikataka nione kwa macho. Mmea haukimbii jamani. Jua likiwaka hauna pa kujificha, mdudu akija hauna mkono wa kumfukuza, kwahiyo unajitengenezea dawa zake: flavonoidi zinakaa kwenye ngozi ya juu ya jani zinanyonya miale ya jua ya UV-B kabla haijaumiza ndani, tanini zinashikana na protini mpaka mdudu anashindwa kumeng'enya alichokula. Lignini nayo ni jamii hiyohiyo, inakaza kuta za seli, ila hiyo haiyeyuki kwenye methanoli kwahiyo seti hii haitakuonyesha.

Nikachukua mpera mmoja, majani ya juu yanayopigwa jua kutwa na ya ndani kabisa kivulini. Nikayagandisha palepale, hapo usizembee, maana jani bichi ukilipondaponda vimeng'enya vinaanza kazi, linageuka kahawia mbele ya macho yako na fenoli uliyotaka kupima inapotea. Nikaloweka kwenye methanoli asilimia 95 gizani masaa 48, afu maikrolita 100 za sampuli, 200 za Folin iliyozimuliwa hadi asilimia 10, 800 za sodiamu kaboneti, masaa mawili ya kusubiri, unahamishia kidogo kwenye visima vya sahani, ndo unasoma ukali wa bluu kwa mashine ya mwanga kwenye nanomita 765. Folin inatangulia kaboneti inafuata, usigeuze, kaboneti ndo inaleta alikali na kwenye alikali kitendanishi hakidumu. Karatasi ya maelezo inalisema hilo vizuri na nawapa hongera.

Sasa ile sahani! Safu ya majani ya jua ilikuwa bluu nzito kama wino, ya kivulini bluu nyepesi unaona mpaka chini ya kisima. Mti mmoja, mizizi ileile, siku ileile. Hata kabla ya kuwasha mashine jibu nilikuwa nalo.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni la duka, chupa ya kwanza ilikuja na rangi ya kijani. Folin nzima ni njano, ukiona kijani ujue kuna kitu kimeshaanza kuila. Nikauliza nikaambiwa ni kawaida. Nikaweka maji matupu, nayo yakatoa bluu, nikapiga picha nikarudisha. Ya pili ilikuja njano safi.

La pili ndo linaniuma zaidi na ni la watengenezaji. Boksi limeandikwa inapima fenoli, hakuna neno lingine. Ukweli ni kwamba hiki kitendanishi kinageuka bluu kwa chochote kinachotoa elektroni. Folin na Ciocalteu wenyewe mwaka 1927 walikuwa wanatafuta tairosini na triptofani za kwenye protini, ni Singleton na Rossi mwaka 1965 ndo waliinyoosha kwa ajili ya fenoli za mvinyo. Protini inaingia, baadhi ya sukari zinaingia, na vitamini C ndo balaa. Nilijaribu juisi ya limau, sijaweka hata tone la kaboneti visima vikaanza kuwa bluu! Fenoli zinasubiri alikali ndo zifanye kazi ya maana, vitamini C haisubiri. Sasa fikiria mwanafunzi anapima tunda, anapata namba kubwa, anaandika kwenye utafiti wake tunda hili lina fenoli nyingi, kumbe nusu ya ile bluu ni vitamini C na hakuna aliyemwambia.

Dawa ipo na ni rahisi, poda ya PVPP. Unaitikisa na sampuli, inashika fenoli, unaizungusha kwenye sentrifuji unapima maji ya juu tena, bluu inayobaki hiyo sio fenoli, itoe kwenye hesabu. Kijiko kimoja cha poda kwenye boksi kingetosha, kwanini hawaweki?

Na jibu unalopata ni miligramu sawa na asidi ya galiki, yaani sio uzito halisi wa fenoli zote, wala haikwambii ni tanini au flavonoidi. Ukitaka majina yake nenda HPLC, mashine inayotenganisha kemikali moja moja.

Kwa majani nawapa nyota 4 kati ya 5 na seti ya pili nimeshaagiza. Kwa matunda na juisi 2, mpaka waandike habari ya vitamini C kwenye boksi. Na chupa ikifika ifungue palepale uiangalie kwenye mwanga, kama sio njano usiipokee.