Kabla sijalipa nashika padi kwanza: chumba cha gemu cha huku Maweni, Malindi

Wiki ya tatu hii naenda chumba kimoja cha gemu huku Maweni na nimeona niandike, maana watu wakipima sehemu ya gemu wanauliza tu kama kuna PS5, ile mashine ya PlayStation, ama hakuna, na mimi nasema hapana jamani, angalieni padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Nimecheza tangu zile mashine za kaseti za manjano, unaichomoa unaipuliza unairudisha, nikaja PS1 na Tekken 3, ile gemu ya kupigana, nikaja PS2 nikakaa nayo miaka, kwa hivyo chumvi nshaila nyingi.

Ninavyofanya ni hivi. Nikipewa padi naanzisha mechi ya mpira halafu sibonyezi kitu, naiacha mkononi naangalia mchezaji wangu. Akisimama, padi nzima. Akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kushoto kimekwisha na hapo hata uwe nani utafungwa tu. Kuna sehemu nyingine hapa mjini, siitaji, wana PS5 na eesii na viti vya ngozi, nikakaa, beki wangu akawa ajiendea kwenye laini ya pembeni kama yuwaenda dukani, nikala nne, nikalipa mia, na nikisema padi mbovu naambiwa padi nzima wewe ndo hujui. Sijarudi tena.

Hapa Maweni mwenyewe ni fundi simu, na kila mtu anamwita fundi, na hilo ndilo linaloonekana. Ana mtungi mdogo wa spiriti, pamba na bisbisi ya nyota, na asubuhi kabla hajafungua ukimkuta utamuona amefunua padi moja juu ya gazeti, anapangusa pale chini ya kijiti taratibu, anakizungusha, anapangusa tena. Aliniambia adui yake mkubwa si watoto ni chumvi, na ni kweli, sisi tuko karibu na bahari na kaskazi ikivuma ile hewa inaingia mpaka kwenye tundu la chaja, unachomeka waya haushiki. Usiku mashine zote nne anazifunika leso kuukuu. Ni PS4 zote, za zamani, na nakwambia zinachezeka kuliko ile PS5 ya kule.

Kitu kingine ni tivi. Siku ya kwanza nilikuwa nabonyeza shuti na mpira watoka baadaye, kidogo tu, mtu asiyecheza sana hawezi kujua, lakini mimi niliona. Nikamwambia fundi hii tivi inachelewa. Hakubisha wala hakununa, akachukua rimoti akaingia kwenye mipangilio ya picha akaweka modi ya gemu, ndo basi. Hizi tivi mpya zinaipitisha picha kwanza zinaipamba rangi na mwendo ndo zikuonyeshe, kwa sinema haina shida, kwa gemu kile kichelewesho ndo goli. Kama una sehemu yako ya gemu na unasoma hapa, nenda kaangalie tivi yako leo leo.

Bei ni bob 20 mechi, na kila kipindi dakika tano. Hili nalipongeza kwa moyo wote maana sehemu nyingi wanaweka dakika tatu ili watu wapite harakaharaka, na dakika tatu ni nini? Hujapanga hata viungo wako mpira umekwisha, kila mtu anapiga mipira mirefu tu, watoto wanakua hawajui kutuliza mpira.

Gemu zenyewe: mashine mbili zina FC 24, hiyo ni gemu ya mpira ile ile ya FIFA, kilichobadilika ni jina tu 2023 baada ya EA wanaoitengeneza na shirikisho la FIFA kuachana, moja ina Tekken 7 na moja ina PES 2021, gemu ya mpira ya Konami, na hapo kwenye PES ndo utatukuta sisi wakongwe. Konami waliliua jina la PES mwaka 2021 wakaleta eFootball ya bure, na mimi mpaka leo inaniuma, sisi PES ndo ilitulea. PES 6, Inter, yule mshambuliaji Adriano na ule mguu wa kushoto, mtaani kwetu tulikuwa tukikatazana kabisa kuichukua Inter maana akigeuka tu mita thelathini kipa hana lake.

Na nitasema la moyoni. Mimi siipendi kabisa hii biashara ya kununua pakiti za wachezaji, FIFA ilianza nayo 2009 na saa hii imeenea kila mahali. Unatoa pesa na hujui utapata nani, sasa hiyo na kamari tofauti yake ni ipi? Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi mapakiti kama hayo yanavunja sheria yao ya kamari, na EA wakaacha kuuza pointi zao za kununulia pakiti kule mwanzo wa 2019. Mpwa wangu kwenye gemu moja ya simu alichukua simu ya mamake akanunua pakiti mpaka pesa ya mboga ya wiki ikaisha, mtoto wa darasa la sita. Ndo maana nakipenda chumba kama hiki. Mnakaa wawili kwenye benchi moja, wewe wachukua Madrid naye achukua Madrid, hakuna aliyenunua mtu, ni vidole tu.

Kuwekeana pesa fundi amekataza, akikusikia anazima mashine. Ile ya anayefungwa ndo analipa ipo, na mimi nilimwambia kwa watoto haifai, mtoto mdogo anafungwa mara tano mfululizo anamaliza hata nauli. Sasa hivi wa shule ya msingi kila mmoja analipa nusu yake. Adhana ikilia sauti zote zinazimwa na padi zinawekwa chini, hakuna anayeambiwa, hata wageni wanafuata tu.

Juzi alikuja dada mmoja na kakake, kashika Tekken na King, yule wa barakoa ya jaguar, mnyama kama chui. Vijana walikuwa wanabonyezabonyeza tu vitufe vyote kama kawaida yao, yeye ametulia, anarudi hatua moja, anangoja ngumi ipite, anakamata. Sita waliondoka kwenye benchi. Lakini aliketi amejibana kwenye kona, mkoba mapajani, kwa sababu benchi zote zimejaa wanaume, na hili fundi bado hajalifanyia kitu. Hata mchana mmoja wa kina dada kwa wiki ingetosha.

Joto nalo ni kali. Mabati, feni moja, saa nane mchana hapakaliki, nenda baada ya alasiri. Stima ikipotea katikati ya mechi hulipi, mtarudia, na hapo nje kwenye baraza mamake fundi anauza viazi karai na ukwaju kwa hivyo kungoja si taabu.

Mkienda, ile padi nyeusi yenye utepe mwekundu msichukue kwanza, R2 yake, kitufe cha kukimbia, inakwama na mbio zinakatika katikati. Fundi anajua, springi ameagiza Mombasa.