Kupima Mwanga Chini ya Miti ya Kakamega kwa Kamera: Uzoefu Wangu

Kwa misimu miwili ya mvua nimekuwa nikipima mwanga unaoifikia miche ya mwiria tuliyoipanda katika Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, nikitumia kamera ya Nikon Coolpix 4500 ya mwaka 2002, niliyoinunua Kisumu ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya jicho la samaki, FC-E8, inayoona nyuzi 183.

Mwili wa kamera hii hujipinda katikati, hivyo lenzi hutazama juu huku kioo kikinielekea mimi niliyechuchumaa kando ya mche. Huilaza sawa kwa pimamaji dogo la fundi, nikaielekeza kaskazini kwa dira. Picha hutoka duara: mashina ukingoni, matawi katikati, na anga ikichungulia kati ya majani.

Picha zangu za kwanza nilizitupa zote, kwa sababu niliiachia kamera ijipangie mwanga yenyewe. Chini ya miti ni giza, kwa hiyo kamera huingiza mwanga mwingi mno, anga ikang'aa hadi ikameza ncha za majani, na mianya ikaonekana mikubwa kuliko ilivyo. Sasa huanzia mahali peupe, nikapima mwanga wa anga tupu, nikaongeza mwanga unaoingia kwa hatua mbili (kila hatua huuzidisha maradufu) na kuufunga mpangilio huo kabla ya kuingia msituni. Muhimu pia ni kupiga picha kabla jua halijapanda, au wingu likiwa limetanda sawasawa, kwani jani linalomulikwa na jua huhesabiwa kuwa anga.

Hesabu ya mwanga unaopita kwenye mianya hiyo huifanya kwa Gap Light Analyzer, programu ya bure iliyotolewa mwaka 1999, ambayo huchora njia ya jua ya mwaka mzima juu ya picha. Hapa karibu na ikweta jua hupita utosini Machi na Septemba, kwa hiyo mwanya mdogo ulio juu ya mche waweza kuufaa kuliko mwanya mpana wa pembeni, jambo ambalo macho yangu hayakuwahi kunionyesha.

Kinachonisumbua ni kwamba, katika programu hiyo, mpaka kati ya weupe wa anga na weusi wa jani huchaguliwa kwa jicho. Mimi na mwenzangu tulipata majibu tofauti kwa picha ileile, hivyo sasa mmoja wetu huzichagulia zote. Msimu huu mashimo ya kupandia miche tumeyachimba chini ya mianya ya utosini.