Birdsbesafe: kitambaa cha rangi cha shingoni mwa paka

Ni kitambaa tu cha rangi kali, kimeshonwa kama bomba. Unaipenyeza kola ya paka ndani yake. Ndege huona rangi vizuri, hivyo humgundua mwindaji mapema. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta paka waliokivaa wakileta nyumbani ndege wachache kwa asilimia 42. Kengele ya kufungwa kwenye kola, ambayo wengi huiamini, haikuonyesha tofauti ya maana.

Angalia kola kwanza. Iwe na kifungo kinachoachia chenyewe kikivutwa, la sivyo paka akinasa tawini atanyongwa. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Ikilegea zaidi, paka huingiza mguu wa mbele na kukwama. Wapo pia paka wanaojikuna mpaka waivue.

Gizani rangi haina kazi. Panya nao hawaokoki, jambo ambalo wenye nyumba hawatalilalamikia. Udhaifu mkubwa ni kwa makinda: kinda asiyeweza kuruka, hata akimwona paka, hana pa kukimbilia. Kwa hiyo msimu wa viota mfungie paka ndani tangu magharibi hadi jua lipande, na kinda akionekana chini, asitoke kabisa siku hizo.