Uzoefu wangu: nilipeleka Datsun 240Z kukaguliwa Mwanza, ikarudi na ufa kwenye dashibodi

Naandika hii bado nina hasira na imeshapita miezi kadhaa. Nilipeleka gari kukaguliwa hapa hapa Mwanza, sitaji ni wapi, nikatoka pale nimeapa sirudi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la marehemu baba yangu mdogo. Wakubwa wenzangu mnalijua, ndilo lililochukua Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, likachukua tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, jirani zetu wa ziwa hili hili. Yaani gari lililopita kwenye tope na makorongo ya Afrika Mashariki likamaliza wa kwanza, leo linatukanwa na kijana mwenye bisibisi.

Nimefika, hata shikamoo hakuna. Mvi zote hizi kichwani. Mkono tu mbele, "funguo mzee". Nikampa. Akaingia, akawasha swichi, akaniambia taa ya injini haiwaki, umeichomoa ili nisione tatizo. Nikamwambia mwanangu hili gari halijawahi kuwa na hiyo taa, hili ni la kabureta, kabureta mbili, humu ndani hakuna kompyuta. Akaniangalia kama namdanganya. Akaleta mashine yake ya kupimia akaanza kutafuta pa kuchomeka, kainama chini ya usukani, kahamia upande wa abiria, kafungua na boneti, mimi nasema hakuna, yeye anasema "kila gari linayo mzee". Halafu akauliza mikanda ya nyuma iko wapi. Jamani! Hili gari lina siti mbili tu, nyuma ni mahali pa kuweka mizigo, nani afungwe mkanda huko, begi?

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Dashibodi za haya magari jua ndiyo adui yake, zinapasuka juu pale karibu zote, ukikuta ambayo haina ufa jua mwenyewe aliitunza kama mtoto. Baba mdogo alikuwa kila akipaki, hata kama ni dakika tano ananunua sato pale Kirumba, anatandika kitenge juu ya dashibodi ndiyo anafunga mlango. Kitenge kile kile miaka na miaka, mpaka maua yake yamefutika upande wa kioo. Mimi nimeendelea hivyo hivyo. Yule kijana akakitupa kitenge chini kwenye uchafu wa miguu, akaingiza bisibisi kwenye ukingo karibu na droo ya abiria, akabinua. Nikasikia "tak". Ufa umetoka kwenye kona ya droo ukapanda juu, urefu wa kidole changu cha kati, na sponji ya njano inaonekana ndani.

Pole hakusema. Alisema, "Hili limeshakufa mzee, peleka kwa wanaonunua chuma kwa kilo."

Mikono ilikuwa inatetemeka nikashindwa hata kumjibu. Mama mmoja anayeuza chai pale nje ndiye aliniita, baba njoo ukae kwanza, akanipa maji. Huyo mama Mungu ambariki.

Na chuma chenyewe anachosema cha kupima kwa kilo, alikichokoa sakafuni kwa bisibisi hiyo hiyo akakuta kigumu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, magari ya huku hayaozi kama yale ya Tanga na Dar. Hilo hakuliandika. Aliandika nimefeli vitu vitatu: taa ya injini, mikanda ya nyuma, na hendibreki kushika upande mmoja.

Usiku ule nilikuwa nasema bora Uingereza, wenzetu tangu Mei 2018 gari likifikisha miaka 40 na halijabadilishwa sana, halilazimishwi kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Nikasema na sisi wangetuachia, magari haya wenyewe tunayajua kuliko wao. Nilimwambia kila mtu hivyo.

Lakini ile hendibreki ikawa inanisumbua kichwani. Wiki iliyofuata nikapita kwa fundi Igoma, nikamwambia fungua tu nimuumbue yule kijana. Akavua dramu ya nyuma kulia. Ndani kumelowa. Silinda ya gurudumu, ile inayosukuma breki ukikanyaga, inavuja, mafuta ya breki yameloanisha bitana zote zinazoshika dramu, unagusa kidole kinatoka cheusi kinateleza. Upande ule hakukuwa na breki ya mkono wala ya mguu. Nisiwe muongo, hili gari breki za mbele na za nyuma zina njia tofauti kwa hiyo za mbele zingeshika, ila mnaujua mteremko wa Bugando mvua ikinyesha, na mimi Jumapili huwa nashuka pale na mjukuu kando yangu.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Kwenye breki kijana alikuwa sahihi na ule msemo wangu wa kuachiwa nimeufuta, gari la zamani ndilo likaguliwe zaidi, breki, usukani, matairi, sakafu. Ila likaguliwe na mtu anayejua kwamba limetengenezwa kabla hizo kompyuta hazijaingia kwenye magari, asilitafutie tundu ambalo halipo, na akiharibu aseme pole. Pale sipendekezi kwa mtu. Au nendeni, lakini simameni mlangoni msimwache peke yake ndani ya gari.

Mimi itabidi nirudi, stika naihitaji. Silinda inatoka Dar kwa basi, fundi kasema Alhamisi. Kitenge nimekifua, nimekitandika tena, ule ufa uko chini yake.