Tulilipia masaa matatu, nikajisikia robo saa

Sauti imenikauka mpaka leo. Si mafua. Ni ule ukumbi wa mazoezi wa darini, Mji Mkongwe, na yule fundi mitambo wao. Nasema mapema kwa msiopenda maneno mengi: msiende. Au nendeni, ila yeye mumwache nje.

Sisi kikundi cha taarab, watu kumi na wawili: ganuni, udi, fidla mbili, akodiani, dumbak, rika, kinanda, gitaa la besi, waitikiaji wawili na mie mwimbaji. Tuna harusi ya watu inakuja, tukachanga, tukakodi ukumbi pamoja na mitambo na huyo fundi wake.

Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, haijafika katikati nishajua tuna tabu. Mzee wetu wa ganuni kainamia nyuzi, sikio la kushoto linakaribia kugusa ubao, pete za kupigia zi vidoleni, anacharaza na hasikii anachocharaza. Wa kinanda hajisikii, akapandisha. Wa besi akaona kafunikwa, naye akapandisha. Dumbak ikabidi apige kama anafukuza mwizi. Hapo hakuna aliyetaka kumkera mwenzake, kila mtu anajitafuta tu. Nikaingia ubeti wa kwanza, sauti yangu naihisi kooni, masikioni haipo. Na mwimbaji asipojisikia hupaza bila kujijua. Koo linakwenda, na sauti inatoka njiani.

Nikamwambia kwa adabu, "Mwanangu, nipandishe kidogo kwenye monita," ile spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake.

Hakuinua macho kwenye simu yake. "Mama, kaza koo. Wenzio mbona wanasikika."

Kaza koo! Mtu niliyemlipa!

Na monita yenyewe kaiweka nyuma ya bega langu, inaitazama maiki usoni. Maiki hizi za kawaida za kuimbia zinasikia kwa mbele, kisogoni ni kama kiziwi, ndiyo maana monita huwekwa huko kisogoni. Alipoipandisha, kwa kunibana kinywa tu, ikapiga mluzi mpaka mwitikiaji mmoja akaziba masikio kwa mtandio. Akanambia sijui kushika maiki. Nimeishika shingoni, kichwa chake sijakigusa, na wote waliona.

Mwitikiaji wetu mwengine akatoa simu, akapima ukali wa sauti: desibeli 97. Simu si kipimo cha kitaalamu, najua. Lakini kiwango cha kulinda masikio kinachofuatwa sana makazini ni 85 kwa masaa 8, na kila zikizidi 3 muda unakatwa nusu. Kwa 97 ni nusu saa. Sisi tulilipia masaa matatu, na mzee wetu masikio yake ndiyo kazi yake. Usiku ule yangu yalilia mpaka alfajiri.

Sasa nisidhulumu. Alasiri ikaadhiniwa, fundi akaenda kuswali, akatuachia amri tusiguse kitu. Tukagusa. Hatukupandisha chochote, tulishusha kila kitu. Besi na kinanda tukavishusha mpaka ganuni ikasikika yenyewe, bila maiki, kisha tukavipandisha kidogo kidogo mpaka hapo ilipoanza kupotea, tukasimama. Monita tukaileta mbele yangu. Tukakaa nusu duara badala ya ile safu yake ya jukwaani, dumbak tukamsogeza kwenye busati. Kuta za mawe na chokaa zile zinarudisha sauti vibaya mno ukizijaza, lakini ukizipa kidogo, wallahi, zinakurudishia sauti imeng'ara. Nilisikia pumzi yangu. Nilisikia fidla ya pili, ambayo siku zote huwa naiona mkono tu. Mzee wa ganuni akainua kichwa, akaimba kibwagizo na sisi. Ikhwan Safaa, kikundi kikongwe cha taarab hapa Unguja, wameanza 1905, spika ziko wapi siku hizo? Watu walikuwa wanapeana nafasi.

Kwa robo saa ile ukumbi huu ni bora kuliko wote niliopita Unguja, na nasema bila ya kusita.

Akarudi. "Nani kagusa mitambo yangu?" Akarudisha kila kitu kilipokuwa, besi kwanza, akamgeukia mzee wetu: "Babu, ganuni lako halina sauti, watu wa leo hawalisikii." Mzee hakujibu. Alianza kuvua pete moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Mtu wa umri wake! Hapo mazoezi yalikwisha, na saa moja yetu ikabaki humo.

Mwenye ukumbi mwenyewe ni mwanamke mstaarabu, katupandishia kahawa na kashata, kaniomba radhi mlangoni. Sina ugomvi naye. Bi, kama unasoma: tupe ufunguo bila ya fundi, tunalipa bei ile ile, na saa yetu iliyobaki tuhesabie.