Kibanio cha kuwashushia samaki kilindini: uzoefu wangu wa kaskazi nzima Kilifi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nikimrudisha samaki majini nimemwokoa. Navua kwa rodi wikendi nje ya mwamba wa Kilifi, na chewa mdogo akipanda namtoa ndoana, namwachia. Mwaka jana nahodha wetu alinigusa bega akanionyesha nyuma ya mashua. Chewa niliyemwachia punde alikuwa anaelea tumbo juu, macho yamemtoka, mkia unapiga maji bila nguvu.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo hujamrudishia bahari. Umemrudishia shakwe."

Tulikuwa kwenye pima 20, yaani mita 36 hivi. Chewa, changu na kungu wana kibofu cha hewa ndani ya mwili, na huko chini uzito wa maji hukibana. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu, kwa hiyo samaki akivutwa hadi mashuani, hewa ile ile inataka nafasi mara 4. Tumbo linakuwa gumu kama mpira, macho yanatokeza, na mara nyingi kitu kama puto jekundu kinajitokeza mdomoni. Wengi hudhani ndicho kibofu wakakitoboa. Sicho. Ni mfuko wake wa chakula uliosukumwa nje, na ukiutoboa umemjeruhi bure. Wapo wanaotoboa kibofu chenyewe kwa sindano kupitia ubavuni. Kwa mkono uliofunzwa inawezekana, lakini mimi nikikosea upana wa kidole nitachoma kiungo kingine, kwa hiyo sijaribu.

Shemeji yangu anaishi Tampa, Florida, naye ndiye aliyenitumia kibanio hiki. Kule Ghuba ya Meksiko sheria ya Marekani ilianza Januari 2022 kuwataka wanaovua samaki wa mwambani katika maji ya serikali kuu wawe na kifaa cha kuwashushia samaki, au sindano ya kutobolea, kikiwa tayari kwa matumizi. Kilimgharimu dola 60 hivi, mbali na nauli ya mzigo.

Kina taya mbili kama koleo. Unambana samaki mdomo wa chini, unaning'iniza chubwi, yaani kizito cha kuzamishia, chini yake, unashusha kwa mshipi. Ndani kuna kidude kinachohisi uzito wa maji; kikifika kwenye kina ulichochagua, taya zinafunguka zenyewe. Vina vimeandikwa kwa futi: 50, 100 na 150. Nahodha hahesabu kwa futi, hivyo tulipiga hesabu kwa pima (150 ni pima 25 kamili) na nikamchorea alama kwa rangi ya kucha.

Siku ya kwanza nilifunga kamera ndogo juu ya kibanio. Hiyo video nimeitazama zaidi ya mara kumi. Chewa anashuka amelegea kabisa, kama kitambaa. Maji yanazidi kuwa ya buluu. Kisha mapezi ya ubavuni yanaanza kutikisika, tumbo linanywea, na lile puto mdomoni halionekani tena. Taya zinafunguka. Anabaki pale kitambo kidogo, halafu anageuza kichwa chini na kuondoka kwa nguvu zake mwenyewe. Nilipomwonyesha nahodha kwenye simu hakusema kitu, aliomba tu arudishe mwanzo.

Sasa kasoro, maana zipo. Chubwi ya kilo moja haikumtosha chewa wa kilo 4. Alielea nayo hadi nilipoongeza ya pili. Changu ana mdomo mdogo na taya humteleza, wawili walichomoka kabla ya kufika. Springi ilianza kushika kutu mwezi wa pili, nami nilikuwa nakiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila safari. Sasa nakipaka mafuta pia. Na mkondo ukiwa mkali mshipi unalala upande, unadhani umeshusha pima 15 kumbe samaki yuko 8.

Kwa changu wadogo wengi nahodha alileta dawa yake: kreti la plastiki la mkate, limegeuzwa juu chini, kamba juu, mawe yamefungwa pembeni. Samaki anaelea ndani akigota kwenye sakafu ya kreti, linashuka naye, na hewa ikishanywea anatoka kwa chini. Halijatugharimu kitu. Kwa kweli, kama huna jamaa wa kukutumia kibanio, anza na kreti.

Lakini kibanio hakimfai samaki uliyekwisha kumuua mikononi. Nimehamia ndoana za mviringo, ambazo humshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Ukihisi samaki usivute kwa kishindo, kaza mshipi taratibu tu. Kile kijino cha nyuma nimekibana kwa koleo ili itoke upesi. Aliyemeza ndoana nakata mshipi karibu na mdomo, sichokoi kooni. Mikono nailowesha kwanza, sigusi matamvua anayopumulia, na chubwi inakuwa imeshafungwa kabla hatujatupa chambo, kwa sababu dakika za kutafuta vitu samaki akiwa juani ndizo zinazommaliza. Nguru hahitaji haya ya kushushwa, hana kibofu hicho. Mrudishe haraka aende.

Nimeulizwa bandarini kwa nini narudisha kitoweo. Nyumbani tunakula chewa, na mkubwa wa kutosha naenda naye. Ila chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Ukiwamaliza wadogo umewamaliza akina mama, na madume watakaotoka kwao. Mimi nataka mwanangu apate pale pale nilipopata.

Nakipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imekwenda na springi. Msimu ujao nimemwomba shemeji anitumie kingine chenye alama za mita, kama kipo. Hiki nitamwachia nahodha. Ameshakipigilia msumari wake karibu na usukani.