Tahadhari: "Silfiamu halisi ya Warumi" haiuzwi popote

Ukikuta tangazo la mbegu au unga wa silfiamu "ile ile waliyotumia Warumi", usitume pesa. Mmea huo uliota mwituni karibu na Cyrene, Libya ya leo. Utomvu wake, walioita laser, ulikuwa kiungo cha jikoni na dawa ya karibu kila kitu, na ulitunzwa kama mali: Julius Caesar alipofungua hazina ya Roma mwaka 49 KK, alikuta humo ratili 1,500, karibu kilo 490. Vizazi vichache baadaye Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba katika siku zake lilipatikana shina moja tu, nalo akapelekewa Kaisari Nero.

Mbegu ndizo zenye hila zaidi, kwa sababu pakiti inaweza kuwa na jina sahihi kabisa: Silphium perfoliatum. Hilo ni ua la manjano la Amerika Kaskazini, jamaa ya alizeti, lililorithi jina tu. Likiota, majani mawili hukumbatia shina na kufanya kikombe kinachoshika maji ya mvua. Silfiamu ya Cyrene ilikuwa ya ukoo wa karoti na shamari. Muuzaji atakayekwambia "imegunduliwa tena Uturuki" anataja Ferula drudeana, ambayo mtafiti mmoja aliipendekeza mwaka 2021. Ni pendekezo, halijathibitishwa, na mmea wenyewe ni adimu mno, si wa kuchumwa kwa biashara.

Unga mara nyingi ni mvuje tu (asafoetida, utomvu mkavu wenye harufu kali) uliopandishwa bei. Mvuje wenyewe hauna ubaya. Warumi waliuagiza kutoka Uajemi silfiamu ilipoadimika, wakijua ni wa daraja la chini. Tatizo ni kinachochanganywa. Zamani walitia maharage yaliyopondwa. Leo ni unga wa ngano au wa mchele na gundi ya mgunga (gum arabic). Asiyeruhusiwa kula ngano aangalie hapo.

Nunua vipande, si unga. Kipande kizuri ni chekundu-kahawia kwa nje; ukikivunja, ndani ni cheupe kama maziwa, kisha huanza kugeuka waridi kikipata hewa. Plinius naye alipima laser kwa wekundu wa nje na weupe wa ndani. Kisugue kwenye maji ya uvuguvugu: maji huwa meupe na kubaki hivyo, ilhali unga uliochanganywa huzama chini. Tone la iodini likigeuka buluu-nyeusi, kuna wanga. Gundi haitaonekana kwa iodini, kwa hiyo usitegemee kipimo kimoja.

Kwa sufuria ya watu wanne, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha, kikaangwe kwanza kwenye mafuta; kikizidi, chakula chote kitanuka. Warumi walikuwa na mbinu ya kubana matumizi: laser kwenye chupa pana ya kioo pamoja na kokwa 20 hivi za msonobari. Unaponda kokwa chache kupikia, unarudisha idadi ile ile. Kwa mvuje inafaa vilevile.

Wanaouza unga huo kama "dawa ya uzazi ya Kirumi" ndio wabaya zaidi. Mjamzito asiutumie kama dawa, wala anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Kumfungia mtoto mvuje kwenye kitambaa ni jambo jingine. Lakini usimnyweshe mtoto mchanga mvuje, kwani damu inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikawa ya buluu.